Kinachoufanya uwanja wa gofu wenye miti upendeze kuchezwa

Swali: Ninacheza gofu katika klabu moja ya nyanda za juu za Kenya, na hendikapu yangu (mikwaju ninayopunguziwa kwa mzunguko) ni 24. Uwanja wetu wa mashimo 18 una miti mikubwa kila upande. Kamati inapendekeza kupanda miti zaidi kandokando ya fewei (njia ya nyasi fupi inayoelekea shimoni) na kurefusha mashimo kadhaa ili uwanja uheshimike. Mimi nikimaliza mzunguko pale huwa nimechoka na sina hamu ya kurudi, ilhali viwanja vingine vya aina hiyohiyo hunifurahisha hata siku ninayocheza vibaya. Ni nini hasa kinachoufanya uwanja wa namna hii upendeze kuchezwa? Na je, miti zaidi itasaidia?

Jibu: Dada, nitaanza na sehemu ya mwisho ya swali lako kwa kuwa jibu lake ni fupi. Kwa uwanja ambao tayari una miti mikubwa kila upande, miti zaidi haitasaidia, na huenda ikauharibu. Sehemu ya kwanza inahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu raha ya uwanja wa gofu haitokani na kitu kimoja kinachoonekana kwa macho, na ndiyo maana kamati nyingi hukosea zinapojaribu kuinunua.

Gofu ilikulia kwenye mchanga wa pwani ya Uskoti, mahali ambapo miti ni haba kwa sababu ya upepo, na ambapo mpira ukishatua huendelea kubingirika mbali. Huko upepo peke yake humpa mchezaji mtihani wa kutosha. Shimo lililochezwa asubuhi kwa fimbo nambari 8 linaweza kuhitaji nambari 4, inayoupeleka mpira mbali zaidi, jioni. Mchezo ulipohamia bara, kwenye udongo mzito na nyasi nene, upepo ulipungua na mpira ukaacha kubingirika, hivyo mbunifu wa uwanja akalazimika kutafuta mitihani mingine: mteremko wa ardhi, mkondo wa maji, banka (shimo la mchanga), umbo la grini (eneo la nyasi fupi sana lenye shimo la kuingizia mpira), na mti. Kati ya vyote hivyo mti ndio wa bei nafuu. Mche hununuliwa kwa shilingi chache, hupandwa kwa sherehe, na hakuna mjumbe wa kamati anayelaumiwa kwa kupanda mti. Hasara yake huonekana miaka ishirini baadaye, wakati wajumbe walioupanda wameshaondoka madarakani.

Kipimo ninachokitumia mimi ninapotembea kwenye uwanja nisioujua ni kimoja: je, baada ya mkwaju mbaya, mchezaji bado ana mkwaju wa kufikiria? Mchezaji wa hendikapu 24 hutumia sehemu kubwa ya mzunguko wake akiwa mahali ambapo hakukusudia kuwa, na kwa hiyo uzuri wa uwanja kwake unategemea zaidi kile anachoweza kufanya baada ya kukosea kuliko kile anachofanyiwa anapopatia.

Chukua mpira uliokwenda kulia na kuingia mitini, mita 20 hivi kutoka ukingo wa fewei. Katika uwanja mmoja unaukuta juu ya nyasi fupi, chini ya migunga ambayo matawi yake yamepogolewa hadi juu ya kichwa cha mtu. Mbele yako kuna pengo la hatua tatu kati ya vigogo viwili, na upande wa kushoto kuna pengo pana zaidi linalokurudisha kwenye fewei bila kukusogeza mbele sana. Unachukua nambari 5, unaishika chini kidogo kwenye mpini, unauweka mpira karibu na mguu wa kulia na kuupiga uende chinichini. Ukipita kwenye pengo jembamba, umebakiza yadi 90 kufika grini. Ukigonga kigogo, umejitakia mwenyewe. Katika uwanja wa pili, mpira huohuo umezama kwenye safu ya saipresi zilizopandwa kwa kamba, matawi yakigusa ardhi. Unautafuta kwa dakika 3, ambazo ndizo kanuni inazoruhusu tangu 2019 (zamani zilikuwa 5), kisha unarudi kwenye tii, mahali pa kuanzia shimo, kupiga mkwaju wa tatu huku kundi la nyuma likikutazama. Kosa lako ni lilelile katika viwanja vyote viwili, lakini katika kimoja umeendelea kucheza gofu na katika kingine umekuwa mtafutaji wa mipira. Naamini hapo ndipo uchovu wako unapoanzia.

Hoja inayotolewa mara nyingi kuitetea miti ni kwamba bila hiyo uwanja utakuwa rahisi. Jibu zuri zaidi kwa hoja hiyo ninalolijua ni historia ya Oakmont, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani. Uwanja huo ulianzishwa na Henry Fownes mwaka 1903 ukiwa wazi kabisa. Katikati ya karne ya 20 klabu ilipanda maelfu ya miti ili ufanane na viwanja vingine vya bara, na kufikia miaka ya 1990 kila shimo lilikuwa limefungiwa katika ushoroba wake. Wasimamizi wakaanza kuikata miti alfajiri, kabla wanachama hawajafika. Visiki vilifukuliwa na nyasi zikatandazwa juu ili asiyechunguza asijue kilichotokea. Siri ilipofichuka kukazuka ugomvi, lakini ukataji uliendelea, na mashindano ya US Open yalipochezwa pale mwaka 2007, maelfu ya miti yalikuwa yameshaondolewa. Bingwa wa mwaka huo, Ángel Cabrera, alimaliza akiwa mikwaju 5 juu ya pa, yaani idadi ya mikwaju inayotarajiwa. Ugumu wa Oakmont ulikuwa kwenye grini zake na mabanka yake tangu mwanzo. Kilichobadilika ni kwamba mchezaji sasa anaweza kusimama sehemu moja akaona mashimo mengi kwa mara moja, na mpira uliopotoka unaonekana ulipo.

Sitaki unielewe kwamba uwanja wa bara ufyekwe wote. Mti mmoja uliokaa mahali pake una thamani kubwa kuliko mia iliyojipanga kama askari. Mkuyu mkubwa uliosimama upande wa kushoto wa fewei, yadi 60 kabla ya grini, humlazimisha mchezaji aliye kwenye tii kuamua kama atapiga upande wa kulia ili apate njia iliyo wazi, au atakata kona kushoto na baadaye aupitishe mpira juu ya matawi. Mti wa namna hiyo unafanya kazi kwenye kila mkwaju, na hata mchezaji dhaifu anaweza kuuzunguka. Safu iliyofuatana pande zote mbili za fewei, kwa upande mwingine, inaruhusu jibu moja tu, yaani mpira ulionyooka, na shimo lenye jibu moja huchosha hata wale wanaolijua jibu.

Kwa sababu hiyo upana ni jambo la msingi, ila upana wenyewe uwe na maana. Mfano unaojulikana duniani kote ni Augusta National, katika jimbo la Georgia, iliyofunguliwa mwaka 1933 kwenye ardhi iliyokuwa kitalu cha miche. Waliousanifu ni Bobby Jones, bingwa wa mchezo, na Alister MacKenzie, daktari aliyeacha utabibu akawa mbunifu wa viwanja, na ambaye alifariki Januari 1934 kabla hajaona mashindano ya kwanza pale. Watu huukumbuka uwanja huo kwa maua yake, lakini wachezaji huukumbuka kwa fewei zake pana na mabanka yake machache, yasiyofika 50 kwa mashimo yote 18. Shimo la 13, ambalo ni pa 5, linapinda kushoto. Kijito kinapita ubavuni kushoto na kisha kinakatiza mbele ya grini. Anayethubutu kupiga karibu na kijito anapata umbali mfupi na mahali pa kusimama palipo sawa zaidi. Anayekimbilia usalama wa kulia anabaki na umbali mrefu na mteremko unaouinua mpira juu ya nyayo zake. Mkwaju wa pili ndio wa uamuzi: kuruka maji au kusimama kabla yake. Mchezaji wa kawaida wa klabu anaweza kulicheza shimo hilo kwa mikwaju mitatu mifupi na kufika salama, na bingwa anaweza kulipoteza taji lake palepale. Wote wawili wamepewa kitu cha kuamua.

Mfano wa pili unakuhusu wewe kwa karibu zaidi, kwa sababu ya nyasi. Nyasi za kikuyu, ambazo asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki na ambazo kwa hakika unazikanyaga kila wiki, zilipelekwa California mwanzoni mwa karne ya 20 kuzuia mmomonyoko wa udongo. Zikasambaa, na leo ndizo zinazofunika fewei za Riviera, uwanja uliosanifiwa na George Thomas na kujengwa Los Angeles katika miaka ya 1920. Shimo la 10 pale ni pa 4 fupi, yadi 315 hivi, na mchezaji mwenye nguvu anaweza kuifikia grini kwa mkwaju mmoja. Lakini grini hiyo ni nyembamba, imekaa mshazari, na imezungukwa na mabanka. Anayeitafuta moja kwa moja akakosea kidogo upande wa kulia huweza kutumia mikwaju mingine mitatu kutoka karibu kabisa. Anayepiga mpira mfupi kushoto anapata njia nzuri ya kuingia kupitia urefu wa grini. Shimo fupi kuliko yote ya pa 4 katika uwanja ule limewasumbua mabingwa kwa karibu miaka mia moja, na ni vyema kamati inayofikiri kwamba heshima hupatikana kwa kuongeza yadi ikalitazama kwa makini.

Nyasi zenyewe nazo zina tabia yake ambayo hamwezi kuipuuza. Kikuyu iliyokatwa vizuri kwenye fewei huuinua mpira kana kwamba umewekwa juu ya brashi, na hakuna nyasi inayomfaa zaidi mchezaji anayejifunza kuupiga mpira kwa fimbo za chuma. Ikiachwa irefuke kwenye rafu, yaani nyasi ndefu za kando ya fewei, mambo hugeuka. Vikonyo vyake vinavyotambaa hushika shingo ya fimbo wakati wa kupiga, uso wa fimbo hujifunga, na mpira huchomoka kushoto au hautoki kabisa. Mwenye mikono yenye nguvu hupenya. Wengi wetu hatupenyi. Kando ya grini, mpira unaotua kwenye kikuyu ndefu hukwama palepale, hivyo ule mkwaju mfupi wa kuubingirisha mpira hadi shimoni, ambao ni moja ya raha kubwa za mchezo huu kwa mtu asiye na nguvu nyingi, hauwezekani. Tiba yake haina gharama ya ujenzi: kata rafu ibaki na sentimita 4 au 5, panua fewei hadi karibu na miti, na mbele ya kila grini acha njia ya nyasi fupi ambayo mpira unaweza kupita ukibingirika. Ningeambiwa nichague badiliko moja tu katika uwanja wa nyanda za juu, ningechagua hilo la njia mbele ya grini.

Kuhusu urefu, kamati yenu huenda inawatazama wachezaji wa kulipwa wanaokuja Muthaiga au Karen kwenye Kenya Open na kudhani kwamba uwanja usio mrefu hauna hadhi. Ni kweli kwamba hewa nyepesi ya mwinuko wa Nairobi, takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, huongeza umbali wa mpira kwa kiasi cha asilimia 6, kwa hiyo mpira unaokwenda yadi 250 pwani unaweza kufika 265 huko juu. Hata hivyo faida hiyo humwendea zaidi anayepiga kwa kasi kubwa. Mwaka 2011 chama cha gofu cha Marekani, USGA, pamoja na chama cha wachezaji wa kulipwa wa nchi hiyo, vilitoa mwongozo unaolinganisha umbali wa draiva (fimbo ndefu ya mkwaju wa kwanza) na urefu wa uwanja: anayepiga yadi 275 kwa kawaida anafaa kucheza uwanja wa yadi 6,700 hadi 6,900, anayepiga 200 acheze yadi 5,200 hadi 5,400, na anayepiga 175 acheze 4,400 hadi 4,600. Jipime kwa kipimo hicho, kisha tazama tii unayotumia sasa. Kama unahitaji draiva na fimbo nyingine ndefu kufika karibu na grini kwenye karibu kila pa 4, basi hujapewa nafasi ya kutumia nusu ya fimbo zilizo kwenye mfuko wako, na hilo peke yake latosha kuondoa hamu. Tii mpya za mbele zilizojengwa kwa uangalifu, zenye pembe yake nzuri ya kuingilia shimo na si alama zilizochomekwa tu katikati ya fewei, zitawafurahisha watu wengi zaidi kuliko tii za nyuma ambazo wanachama wachache watazitumia.

Grini ndiko sehemu kubwa ya alama hupatikana au hupotea, na hapo uwanja unaweza kuwa mgumu bila kumwonea mtu, kwa kuwa mwenye nguvu na asiye na nguvu wanasukuma mpira kwa usawa. Ningependa kuona grini zenye mabonde na miinuko inayoeleweka kwa macho, ambako mahali ulipotua mpira wako panaamua kama mkwaju wa kusukuma utakuwa wa kupanda au wa kuteremka. Tatizo ni kasi. Mwaka 1935 Edward Stimpson, baada ya kuona mabingwa wakihangaika kwenye grini za Oakmont, alibuni mfereji mdogo ambao mpira huteremshwa juu yake, kisha umbali unaobingirika kwenye grini hupimwa kwa futi, na tangu chombo hicho kienee klabu zimekuwa zikishindana kwa tarakimu. Grini yenye miteremko halisi huchezeka vizuri ikiwa futi 8 au 9. Ukitaka 12 kwa wachezaji wa kila siku, itabidi ama uisawazishe au ukubali kuona mpira uliokosa shimo kwa upana wa kidole ukiteremka hadi nje ya grini. Mimi ningebaki na miteremko na kuacha kasi.

Yote haya yanarudi kwenye miti kwa njia ambayo wajumbe wengi hawaifikirii, nayo ni jua. Nenda uwanjani saa mbili asubuhi ukaangalie ni grini zipi bado zina kivuli, kisha rudi saa nne. Grini inayokosa jua la asubuhi hubaki na umande, nyasi zake hudhoofika, kuvu huingia, na mtunza uwanja hulazimika kutumia dawa ambazo zisingehitajika. Mizizi ya mikaratusi nayo hunywa maji yaliyokusudiwa grini, na huweza kuyafuata mbali na kigogo. Udongo huamua yaliyobaki. Ule mwekundu wa upande wa Limuru na Muthaiga hupitisha maji upesi, ilhali ule mweusi wa mfinyanzi wa tambarare za kusini na mashariki mwa Nairobi huvimba wakati wa mvua na kuushikilia mpira mahali ulipoangukia. Uwanja uliokaa kwenye udongo wa pili usipokuwa na mifereji mizuri, hakuna ubunifu utakaouokoa mwezi wa Aprili.

Mandhari nimeyaacha hadi sasa kwa makusudi. Yana uzito wake, na anayesema hayahesabiki hajawahi kucheza kando ya mashamba ya chai ukungu ukiwa unapanda. Lakini ukishacheza uwanja mara kadhaa, macho huzoea, na kinachokurudisha ni mashimo yenyewe: pa 3 zisizofanana urefu, mashimo yanayopinda pande zote mbili, na grini iliyo karibu na tii inayofuata ili mazungumzo yako na wenzako na kedi wako, anayekubebea fimbo, yasikatwe na safari ndefu kati ya shimo na shimo.

Kwa kikao chenu kijacho, ningekushauri usipinge mpango mzima, kwani watu waliokwisha kuahidi miti hawapendi kurudi nyuma mbele ya wengine. Omba mambo matatu yafanyike kabla ya kuchimba shimo lolote la kupandia mti. Kwanza, makedi waulizwe ni wapi mipira mingi hupotea; wao wanajua kuliko ramani yoyote, na sehemu hizo zipogolewe hadi mtu aweze kupita amesimama. Pili, fewei ipanuliwe kwa mashine ya kukatia katika mashimo mawili au matatu kwa msimu mmoja wa majaribio, kisha muda wa mzunguko ulinganishwe na wa zamani. Tatu, kamati ifikirie kuweka ile kanuni ya ziada inayoruhusiwa tangu 2019 kwa michezo ya kawaida ya klabu, ambayo humwezesha aliyepoteza mpira kuangusha mwingine kando ya fewei kwa adhabu ya mikwaju miwili badala ya kurudi tii. Ikiwa baada ya hapo bado wanataka kupanda, basi miche iwe ya asili, ipandwe kwa vishada nyuma ya tii na pembeni ambako hakuna shimo linalochezwa, na isikae upande wa mashariki wa grini yoyote.